Chai Haimiminwi Kabla ya Kifungu cha Kumi na Moja

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi, Katibu wa Baraza letu la Mji anastaafu rasmi leo, tarehe 30 Juni. Jina lake lipo kwenye kibao cha mlango, lakini sisi wote, kuanzia madiwani hadi walinzi wa getini, tunamwita Mama Kifungu. Anajua. Aliwahi hata kutusahihisha, akasema kama tunaita basi tutaje na namba.

Namba yenyewe ni kumi na moja. Kwa wageni waliokuja kula keki bila kujua wamekaa karibu na nani, Kifungu cha Kumi na Moja ndicho kinachosema nani hapa analipwaje. Mji hupewa daraja kwa idadi ya wakazi wake. Daraja ndilo linaloweka kiwango cha chini na cha juu, na katikati ya hapo baraza hupanga lenyewe mishahara ya madiwani, mwenyekiti na katibu. Kisha inakuja sentensi iliyowakosesha usingizi waheshimiwa wengi: nyongeza haitamhusu aliyepo madarakani siku inapopitishwa, bali itaanza na atakayemfuata. Yaani jipangie mshahara mnono upendavyo, ila atakayeula ni mwenzako.

Mama Kifungu aliingia hapa kama mpiga chapa, tena wa vidole viwili, kwa ushahidi wa waliomkuta. Akapanda hadi ukarani wa vikao, akasomea sheria jioni baada ya kazi, akawa Katibu. Si mnyenyekevu na hajawahi kujisingizia. Picha yake ukumbini imezidi ukubwa ile ya mwenyekiti wa kwanza, na fremu aliichagua mwenyewe. Hupenda kushinda ubishi hata pale mwenzake alipokwisha kukubali. Mwaka mmoja alituburuza wiki nzima akidai mji wetu ni wa daraja la pili, kumbe alikuwa anasoma jedwali lililofutwa zamani. Alipogundua hakuomba radhi. Alileta biskuti.

Ila kwa kazi, mkono wake haukutetereka. Mwenyekiti mmoja, ambaye leo amekaa safu ya mbele na anajijua, alitaka tupande daraja kwa kuwahesabu wasafiri wa stendi kama wakazi. Mama Kifungu alimuuliza kwa upole kama na mbuzi waliofungwa juu ya mabasi waandikiwe mitaa. Hoja iliishia hapo, na mwenyekiti akakumbuka ana mgeni ofisini.

Utaratibu wake mmoja haumo katika kanuni yoyote. Kila kikao cha mishahara, chupa za chai hupangwa mezani zikiwa zimefungwa, yeye husimama, wote husimama, na Kifungu cha Kumi na Moja husomwa chote, kwa sauti, bila kuruka mkato. Ndipo chai humiminwa. Madiwani wapya hudhani ni sala.

Sasa tufike kwa mumewe, fundi redio, ambaye naye alipata kuwa diwani wetu. Nyumbani kwao mambo ya ofisini hayazungumzwi, hiyo ni amri ya mama. Basi mwaka ule madiwani walivizia siku Katibu yupo kwa daktari wa meno, wakaruka kusoma kifungu, wakajipitishia nyongeza, wakanywa chai. Fundi aliunga mkono kwa mikono miwili, na alikuwa na sababu: paa la nyumba lilikuwa limechakaa. Alikuwa na uhakika na fedha hizo kiasi kwamba jioni ileile alipanda juu na kung'oa bati zote za upande wa chumbani.

Kesho yake Mama Kifungu aliingia ukumbini shavu limevimba, akasimama, akakisoma kifungu chote kwa upande mmoja wa mdomo. Nyongeza ni halali, alisema, ila si yenu. Uchaguzi ulipofika, fundi aliangushwa na mwuza nyama wa sokoni, na nyongeza yote ikaanza na mwuza nyama. Bati za zamani zilirudishwa juu zikiwa na matundu yake ya misumari, na hayakulingana na mbao. Tangu hapo kila masika mama hulala na beseni upande wake wa kitanda. Nyumba ile ilikaa kimya miezi mingi. Fundi alitengeneza redio zote za mtaa, ya kwao akaiacha imekufa.

Wiki iliyopita mwuza nyama, ambaye sasa ndiye Mwenyekiti wetu, alitaka kulipa fadhila. Pensheni hukokotolewa kutokana na mshahara wa mwisho, kwa hiyo alileta hoja Katibu aongezewe mshahara katika mwezi wake wa mwisho. Kwa furaha aliamuru chai imiminwe kwanza. Hoja ikapita kwa vigelegele. Nilipiga makofi kuliko wote, kwa kuwa mimi ni msaidizi wa Mama Kifungu na nampenda.

Mama Kifungu hakusimama. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi alinyamaza. Alikuwa anakoroga chai ambayo hajaitia sukari, na sote tulijua anaona nini ndani ya kile kikombe. Anaona bati mpya. Sikumlaumu hata kidogo, na roho iliniuma.

Kwenye viti vya wageni akainuka fundi redio. "Mheshimiwa Mwenyekiti, samahani," akasema. "Hapa chai imemiminwa kifungu hakijasomwa." Kisha akakisema chote kwa kichwa, mkato kwa mkato, hadi pale pa atakayemfuata. Ukumbi mzima ulikuwa umesimama. Mama alimtazama mumewe, akaweka kijiko, akasema, "Amesoma sawasawa." Machozi yalikuwa yanamtoka na anacheka. Baadaye koridoni nilimuuliza fundi kwa nini amejinyima paa kwa mdomo wake mwenyewe. "Ningemwacha anyamaze leo," akanijibu, "kesho asingejipenda. Beseni tumeshalizoea."

Hivyo nyongeza ni halali, ila inaanza na atakayemfuata. Anayemfuata, kuanzia kesho asubuhi, ni mimi. Makofi yote yale kumbe nilikuwa najipigia.

Kwa hiyo, mama yetu, ukitoka nje pitia chini ya dirisha la masjala. Kuna bati mpya pale, na misumari mipya, zimetoka mifukoni mwa watumishi na madiwani, na zaidi kwa mtu mmoja aliyeongezewa mshahara bila kutarajia. Tumekipekua Kifungu cha Kumi na Moja juu na chini. Kinasema mishahara, hakigusi bati. Kama una pingamizi, liandike, utajibiwa na Katibu mpya.

Tunakushukuru kwa kutusimamisha miaka yote hii. Wewe na fundi tunawatakia maisha mema, redio inayoongea na kitanda kikavu. Chupa za chai ziko mezani, zimefungwa. Wote tusimame. Mama, tusomee.