Kigae Alichokiona Mama

Haya nimeyapata kwa mkwe wangu jana jioni, hata viatu alikuwa hajavua. Kwenye basi, kiti cha mbele yake, walikaa mshonaji na mama yake mzee, ambaye macho yake yamefifia. Mshonaji alipakata vigae viwili vya mfano, cheupe na cha buluu, furaha imemjaa tele. Bafu lao linawekwa vigae ukutani, na mama ataoga mwenyewe bila kushikwa mkono kama mtoto.

"Tunaweka cheupe, mama! Kinang'aa kama yai!"

Jirani yao wa kiti, mtu wa makamo mwenye saruji kwenye kucha, akashindwa kunyamaza. "Samahani, dada, mimi fundi wa vigae. Sakafu rangi gani?"

"Nyeupe pia!"

"Basi mama hataona ukuta unapoanzia. Atajigonga pua. Weka buluu."

"Buluu? Si litakuwa giza kama ndani ya chungu!"

"Bora giza na pua nzima."

Abiria wakacheka. Mshonaji naye akacheka, ila hakukubali. Akavilaza vigae vyote viwili mapajani mwa mama, juu ya gauni lake jeupe. "Mwenye bafu aamue. Kipi kizuri, mama?"

Bibi akainama, akatazama sana. "Mbona mmeniwekea kimoja?"

Mshonaji akashika mdomo. Kisha akaruka kitini. "Buluu, fundi! Mpaka darini!"

"Mpaka begani yatosha, dada."

"Darini!"

Basi liliposimama walikuwa bado wanabishana. Bibi alishalala, amekumbatia kigae cha buluu.