Mlango wa Mwenye Eda

Ndugu zangu, salamu zenu nimezipokea. Wajane wenzangu nawajua. Leo naona na wageni kutoka mashirika ya misaada wamekuja kutusikiliza. Karibuni. Nitasema, na nikilia mniwache nilie.

Mvua iliyoangusha nyumba yetu Kuze ilimchukua mume wangu. Nikabaki na mtoto anyonyaye na mama mkwe, mgonjwa wa kitandani. Jamaa mmoja akatupatia chumba mtaa mwingine, nikakaa eda humo, miezi minne na siku kumi bila kutoka. Majirani zetu wa zamani walikuwa wametawanyika.

Mashirika yalikuja na unga na maziwa, siwanyimi haki yao. Lakini wapiga hodi wote walikuwa wanaume. Mwenye eda atamtokeaje mwanamume asiyemjua? Nikiitikia kwa ndani, huuliza, "Mwenye nyumba yupo?"

"Hayupo."

"Basi tutarudi."

Hawakurudi. Nami sikumwambia mtu. Sitara, ndugu zangu! Tulishikilia sitara mpaka ikatumaliza.

Kikipatikana kijiuji, mama mkwe hunisukumia. "Kula wewe, mwanangu, unyonyeshe. Mimi nimeshiba." Muongo! Alishiba nini? Akafa hivyo hivyo, na shibe yake ya uongo. Nawambia, nilitamani anichukue. Maziwa yalinikauka, mtoto hata kulia akaacha.

Siku moja mashirika matatu yakaja pamoja kukagua kazi yao. Wakaketi barazani, chini ya dirisha langu, na mwalimu wa madrasa wa mtaani. Nasikia kila neno.

"Humu mna mjane," mmoja asema. "Huyu ni wenu."

"Wetu? Si mlimchukua nyinyi?"

Wa tatu akasema, "Mimi nijuavyo, huyu amepata kote."

Subhanallah! Nimepata kote! Nilichoka, ndugu zangu, nikaona hata kufa sina haraka nako, kutakuja kwenyewe. Kisha nikamtazama mtoto. Nikapiga ukelele: "Nimepata kwa nani? Njooni mumuone huyu!"

Kati yao palikuwa na mwanamke mmoja, Mkristo wa bara. Akavua viatu, akaingia. Hakuuliza mwenye nyumba. Akamnyanyua mtoto, uso ukambadilika.

"Dada, twende hospitali."

"Niko eda."

Mwalimu akaita kutoka nje, "Nenda na mwanao, mama. Dharura ina hukumu yake."

Mwanangu huyo hapo, anavuta buibui langu. Mama mkwe hakungoja ukaguzi, na hilo halijanitoka. Usiku bado namjibu, "Hujashiba, mama."

Yule dada, Mungu amlipe, na mwalimu, na nyinyi wajane wenzangu mlioniketisha hapa nilipokuwa sina neno. Wageni wetu, mkikagua tena, msianze barazani. Tumeni wanawake waingie ndani. Na wewe mjane mwenzangu, sema ungali una sauti.

Mimi mpaka leo nikisikia hodi, hukimbia kufungua, hata mkono una unga. Naogopa mpiga hodi asije akaenda zake.