Mama Foleni, Aliyeitunza Kompyuta ya Vyuo Vinne

Nyumbani tulimwita Dada Mkubwa. Kazini, katika nchi nne, walimwita Mama Foleni. Alifungua macho duniani Jumamosi, tarehe 9 Juni 1962, katika nyumba ya wafanyakazi wa posta iliyopakana ukuta kwa ukuta na ofisi yenyewe. Baba yetu alikuwa karani wa posta, mama yetu mshonaji, na yeye ndiye aliyekuwa kifungua mimba kati ya watoto wanne. Mama husimulia kwamba asubuhi ile baba aligonga mihuri kichwa chini miguu juu, mpaka mkubwa wake akamnyang'anya muhuri na kumwambia, "Nenda kamwone mtoto. Posta haitakimbia."

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, na sekondari ya wasichana ya bweni kuanzia 1976. Watu wengi waliomfahamu ukubwani walidhani alizaliwa anajua hesabu. La hasha. Kidato cha pili alishindwa hesabu vibaya, akarudi likizo amevimba macho kwa kulia. Mama hakumbembeleza. Alimtupia gauni la mteja lililoshonwa mkono mmoja mrefu kuliko mwingine, akamwambia, "Kitu kilichoshonwa ovyo hakililiwi, mwanangu. Kinafumuliwa." Likizo nzima alifumua magauni mchana na hesabu jioni. Aliingia chuo kikuu mwaka 1983 na kutoka 1986 na shahada ya hisabati, na mama alilishona joho lake kwa mkono wake, ingawa chuo kilikuwa kinaazimisha majoho bure.

Alifundisha hesabu sekondari kwa miaka mitano. Mwaka 1991 chuo kikuu chake kikamwita kwenye chumba cha kompyuta, ambacho wakati huo kilikuwa na mashine chache, mapazia mazito, na amri ya kuvua viatu mlangoni. Mama alipoulizwa na majirani binti yake anafanya kazi gani, alijibu kwa kujiamini, "Anachunga mashine inayopika hesabu." Dada Mkubwa aliposikia alisema hajawahi kuelezwa vizuri zaidi ya hapo.

Katika chumba hicho hicho ndipo alipokutana na mume wake. Alikuwa fundi wa friji na vipozaji, aliyeitwa kwa sababu chumba kilikuwa kimepata joto. Alimaliza kazi asubuhi, lakini akarudi alasiri kuhakikisha, na kesho yake, na kesho kutwa. Wiki ya pili Dada Mkubwa akamwuliza, "Fundi, hiki kipozaji kinaumwa, au wewe?" Walifunga ndoa tarehe 18 Septemba 1993, na Mungu akawajalia binti na mtoto wa kiume.

Kuhusu ndoa hiyo familia inaomba kusimulia jambo moja tu. Dada Mkubwa alikuwa na imani kwamba mtambo unaomtegemea mtu mmoja haujajengwa bado. Kwa hiyo kila mwaka alichukua likizo yake yote, alimkabidhi mume wake simu, naye shemeji aliifungia kwenye sanduku la vifaa. Mwaka mmoja vijana wa ofisini walipiga simu ya shemeji, naye akapokea. "Mama yuko wapi?" "Amelala," akajibu. Wao wakasikia "amelazwa." Saa za adhuhuri ofisi nzima ilikuwa imejaa sebuleni na matunda na chupa za maji, mkuu wa idara akiwa mbele na sura ya msiba. Dada Mkubwa akatoka chumbani na kanga, akipiga miayo. Aliwatazama wote, akauliza, "Na mashine mmemwachia nani?" Halafu akacheka mpaka akakaa chini.

Kazi iliyompa jina lake ilianza mwaka 2007. Kabla ya hapo, kila chuo kikuu katika ukanda wetu kilikuwa na hadithi ile ile: mfadhili analeta kompyuta kubwa, utepe unakatwa, picha zinapigwa, mradi unakwisha, fundi aliyefunzwa anapata kazi kwingine, na baada ya muda mfupi mashine inakuwa kabati la kuwekea mafaili. Vyuo vinne vya nchi nne jirani vikaamua kushirikiana. Vingekuwa na kompyuta moja kubwa, iliyowekwa katika chuo cha Dada Mkubwa, na watafiti wa nchi zote nne wangetuma kazi zao kwa njia ya mtandao wa utafiti na kurudishiwa majibu: wa magonjwa ya mazao, wa hali ya hewa, wa dawa, wa nyota. Yeye akawekwa kuwa msimamizi.

Mfadhili alipoondoka mwaka 2012, kama ilivyotarajiwa, kila chuo kilianza kuvutia kamba upande wake. Dada Mkubwa alizunguka nchi zote nne kwa basi, akakaa na wakuu ofisini mwao. Hakuwabembeleza. Alichowaambia ni kwamba kila chuo kilete kitu ambacho wengine hawana, ili asiwepo wa kununa na kuondoka bila wote kuumia, yeye mwenyewe akiwemo. Chuo kimoja kikatoa umeme na chumba. Kingine kikatoa vipuri. Cha tatu kikaulinda na kuutengeneza mtandao wenyewe. Cha nne, kilichokuwa kidogo kuliko vyote, kikasema hakina kitu. "Mna watu," akawaambia. "Nileteeni watu." Basi mafundi wakaanza kubadilishana vituo, huyu akakae kwa wenzake miezi kadhaa, yule aje huku, mpaka ikawa hakuna siri ya mashine inayojulikana na kichwa kimoja.

Na kwa sababu kazi zilikuwa nyingi kuliko nguvu ya mashine, aliweka foleni. Kazi iliyotangulia kufika ilitangulia kuingia. Haikujali ni ya profesa au ya mwanafunzi, ya mwenye nyumba au ya mgeni. Walimtumia salamu, wakamtumia wakubwa, mmoja akamletea mbuzi mzima akiwa amefungwa kamba mlangoni pa ofisi. Mbuzi alirudishwa kwao na kamba yake. Ndipo jina la Mama Foleni likamganda.

Jumanne ya tarehe 11 Februari 2014 jina hilo lilimtia kwenye mtihani. Adhuhuri, vipozaji viwili kati ya vitatu vya chumba cha mashine vilikufa. Kompyuta ile ilikuwa makabati yaliyopangwa kama rafu za duka, na ikichapa kazi ilitoa joto la tanuri. Shemeji aliitwa, akafungua, akatikisa kichwa. "Kipuri kitatoka mbali," akasema. "Kwa leo mnaweza kupoza theluthi moja tu. Makabati mengine zimeni, la sivyo yataungua yote."

Theluthi ile ilitosha kazi moja kubwa. Mwenye zamu alikuwa profesa wa fizikia wa chuo chake mwenyewe, ambaye hesabu zake zilikuwa zimekwenda kwa wiki nyingi na zikikatwa zinaanza upya. Aliyekuwa nyuma yake ni chuo kile kidogo cha nchi ya bondeni. Mto wao mkubwa ulikuwa umeanza kufura huko milimani, na watafiti wake walitaka kujua maji yatafika wapi, na lini. Zamu yao ilikuwa bado.

Dada Mkubwa aliwapigia bondeni kuuliza kama wanaweza kusubiri. Mtafiti aliyepokea alimjibu, "Mama, sisi tunaweza. Mto hauwezi."

Profesa alikuja mbio alipopata habari.

"Wewe ndiye uliyetuimbia wimbo wa foleni miaka yote," akamwambia mbele ya watu. "Leo foleni imekufa?"

"Haijafa, Profesa. Hata hospitalini kuna foleni, lakini anayevuja damu hupitishwa."

"Mashine iko kwetu! Umeme ni wetu!"

"Iko kwetu, Profesa. Si yetu peke yetu."

Shemeji, ambaye wakati huo alikuwa amepiga magoti nyuma ya kipozaji, anasema sauti ya mke wake ilikuwa tulivu kama maji ya mtungi, lakini alikosea nywila yake mwenyewe. Akaiandika tena. Akaikata kazi ya Profesa, akaingiza ya bondeni, kisha akaketi kwenye ngazi za nje na kuinamisha kichwa. Alijua fika alichokifanya. Amevunja sheria aliyoitunga yeye, na ameharibu kazi ya mtu ambaye hakuwa na kosa lolote.

Majibu yalifika bondeni kabla ya jua kuzama. Watu wa vijiji vya kando ya mto walihamishiwa kwenye shule na maghala ya mwinuko, wengine wakinung'unika kwamba mbona kumekauka. Maji yalipokuja yalichukua daraja, mifugo na nyumba nyingi. Watu hayakuwapata.

Shukrani ya kwanza aliyoipata chuoni kwake ilikuwa kuondolewa kazini. Uongozi ulimhamishia ofisi ya mitihani, akapanga viti vya watahiniwa kwa muhula mzima. Hakulalamika. Mdogo wake wa mwisho, ambaye ndiye anayesoma wasifu huu, alimwuliza kama angepewa siku ile tena angefanya vingine. "Ningefanya vile vile," akasema, "ila nisingependa niwe peke yangu. Siku nyingine nitakosea, na hakutakuwa na mtu wa kunishika mkono."

Mafundi wa vile vituo vingine vitatu waliendelea kuja kwa zamu kuitunza mashine, tena bila kuiacha izimike, na kila walipoulizwa na wakuu wao walijibu kwamba msimamizi wao yuko likizo. Mwishowe wakuu wa vyuo vyote wanne walikutana. Dada Mkubwa akaitwa ajieleze, na badala ya kujitetea akaomba sheria: kazi inayohusu uhai wa watu ipishwe, lakini uamuzi utolewe na watu watatu wa nchi tatu tofauti, na aliyekatiwa kazi yake afidiwe zamu mara mbili. Sheria ikapita, naye akarudishwa kwenye mashine. Aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono kuunga hoja alikuwa Profesa wa fizikia. Yupo nasi hapa leo, mstari wa pili, na ametuomba tuseme kwamba hesabu zile alizianza upya, akagundua za mwanzo zilikuwa na kosa. Kisha akabadili nia, akatuomba tusiseme, lakini tumeshasema.

Mwaka 2018 mashine ilizeeka ikabidi inunuliwe mpya. Mji wetu wote ulijua itawekwa hapa. Dada Mkubwa alichunguza, kisha akapendekeza iende nchi jirani, nyanda za juu, ambako baridi ni ya bure na umeme haukatiki. Kinyozi wa mtaani aligoma kumnyoa shemeji. Ndugu zake nasi tulimjia juu: vipi unamtoa mtoto uliyemlea mwenyewe? Akatujibu, "Binti akiolewa, amekufa?" Alisafiri na mafundi kuisimika, akarudi na mafua na furaha. Leo watafiti wetu wanaitumia zaidi kuliko walivyoitumia ile ya zamani, na kinyozi, tunashukuru, alishasamehe.

Alistaafu Juni 2022. Alipata muda wa kulala mchana bila kudhaniwa amelazwa, na wa kuwafundisha wajukuu kucheza bao, ambako hakumhurumia mtu, hata wa miaka sita.

Machi 2024 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Familia inawashukuru kwa dhati madaktari na wauguzi wa wodi ya wanawake, hasa muuguzi wa zamu ya asubuhi aliyemsuka nywele mpaka zilipoisha, na baada ya hapo akaendelea kuja kukaa naye tu. Wageni walikuwa wengi. Profesa alipofika mara ya kwanza alichungulia mlangoni, akauliza, "Nipange foleni?" Dada Mkubwa akamwambia, "Pita. Leo wewe ndiye unayevuja damu." Na kweli mzee alikuwa analia.

Wiki zake za mwisho aliomba kurudi nyumbani. Alfajiri ya Alhamisi, tarehe 6 Novemba 2025, alimwuliza mume wake kama amekula. Shemeji akasema ndiyo. "Mwongo," akamwambia, "jiko hata hujaliwasha." Shemeji akaenda kuwasha jiko. Aliporudi na chai alimkuta amefumba macho, na mkono wake bado una joto. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mitatu.

Tunawashukuru majirani waliotupikia na kutubeba. Tunawashukuru mafundi wa vituo vyote vinne waliosafiri usiku na mchana kuja kumsindikiza, na tunawashukuru zaidi wale vijana waliobaki na mashine ili wakubwa wao wapate kuja. Wa bondeni wameleta salamu za watu wa kando ya mto. Mama yetu mzazi alizipokea mwenyewe, akawaomba wamrudilie maneno yale taratibu, kwa sababu alitaka kuyashika yote.

Dada Mkubwa ameacha mama mzazi, mume, binti ambaye ni daktari wa mifugo, mwana ambaye ni mwalimu wa muziki, wajukuu watatu na wadogo zake watatu.

Dada yetu, umetutunza vya kutosha. Sasa amani ikutunze wewe.