Johari binti Seleman na Talaka Isiyo na Tarehe

Ndugu zetu mliofika kwenye hitima hii, assalaam alaykum. Marehemu Johari binti Seleman alizaliwa Mbwera, mwaka ambao hakuna aliyeuandika, ila mama yake akisema ni mwaka wa pili tangu Waingereza waingie, akasoma chuo cha Kurani hadi akahitimu, akawa mlimaji wa mpunga na fundi wa mikeka.

Aliolewa angali msichana, mume akaenda Tanga kwenye mkonge, asilete hata salamu kwa miaka minne, hadi mwaka 1939 msafiri alipomletea Johari talaka yake, karatasi iliyochakaa kwa kukunjwa, yenye majina ya mashahidi, tarehe haina. Wiki haikupita, Mwinjuma bin Abdalah, jirani wa shamba, akatuma posa, na wazee wakataka ndoa ifungwe mara moja, wakisema kwa uchakavu ule eda imekwishia njiani. Johari akawaambia, “Haisemi imeandikwa lini. Nitakaa eda tangu ilipofika mkononi mwangu, sitaki mwanangu aje ahesabiwe miezi na majirani.”

Wazee walihofia posa itavunjika, naye, kama alivyomwambia dada yake Fatu baadaye, alihofia vivyo hivyo, akawa anatwanga huku masikio yako njiani. Mwinjuma akamjibu mjumbe, “Mwambieni akae. Shamba lake nitaliamia mimi.” Miezi mitatu akashinda juu ya dungu akifukuza ndege wa mashamba mawili, mlangoni kwa Johari asikanyage.

Ndoa ilifungwa mwaka huohuo, wakajaliwa Tabu, Miraji na Mwajabu.

Januari 1957 alianza kuvimba miguu, mumewe akampeleka kwa mtumbwi hadi zahanati ya Mohoro, na Alhamisi tarehe 14 Machi akafariki, mkono wake umo mkononi mwa Mzee Mwinjuma.

Tunamshukuru mganga wa zahanati, wapiga kasia waliomrudisha nyumbani, majirani, na wanawake aliosuka nao mikeka.

Kabla sijaketi, jana tulifungua kasha lake, tukakuta picha aliyopigwa akiwa amepakata mtoto mchanga, nyuma haina tarehe wala jina. Tabu akasema, “Huyu mimi, mama aliniambia.” Kumbe Miraji naye aliambiwa ni yeye, na Mwajabu pia, kila mmoja kwa wakati wake. Baba yao akaitazama sana, akasema, “Mama yenu akishasema, basi.”

Lala salama, Mama Tabu, Mola akupokee kwa upole.