Viraka vya Drafti ya Magomeni

Kijiwe chetu kiko Magomeni, hapahapa Kilosa, ubavuni mwa banda langu la kutengeneza baiskeli. Kuna taruma la reli lililolazwa juu ya matofali, ubao wa drafti wenye kete za vifuniko vya soda, na birika la Beda, muuza kahawa wetu. Tangu nchi iseme kila kitu ruksa, na drafti nayo tumeifungulia milango. Desturi ya mpambano ni hii: mwenyeji ndiye anayepanga sheria, lakini siku moja kabla lazima amwonyeshe mjumbe wa wageni mchezo mzima, mwanzo hadi mwisho. Akishindwa, wageni wanapanga wao. Mikumi wanakuja kesho, mjumbe wao anafika leo, na watu bado wanabishana. Mchezaji wetu ni Donati. Alipunguzwa kazi relini, na tulipokwenda Mikumi alifungwa mbele ya madereva wa malori. Ameapa kwamba akifungwa tena hakanyagi hapa. Mimi namwamini.

— Nirudishieni drafti yangu ya zamani, alisema Donati, ambaye tunamwita Breki. Usiache mbachao kwa msala upitao.

— Msala wenyewe wa mtumba, gredi wani! alidakia Herman. Huyu anauza mitumba, jina lake hapa ni Soko Huria. Ya zamani inafanana mno na yao, Breki, aliendelea. Watakumaliza kabla kahawa haijapoa.

— Tulianza na kiraka kimoja tu, nikasema. Kingi akila, apumzike zamu moja.

— Akipumzika si analiwa kirahisi? aliuliza Beda.

— Ndiyo tukasema aliyelala haliwi.

— Halafu kila mtu akalaza makingi yake pembeni, mchezo ukaganda, alifoka Donati. Mkasema basi, kete za kawaida ziruhusiwe kurudi nyuma. Sasa hakuna anayefika kuwa kingi! Kiraka juu ya kiraka, suruali yenyewe siioni tena.

— Usipoziba ufa utajenga ukuta, alisema Herman. Sisi ukuta tunajenga, ufa wa nini?

Lupakisyo akakohoa. Alikuwa mwalimu, tunamwita Profesa, na akikohoa ujue imekula kwetu.

— Tatizo ni mfumo, alisema. Nchi ina vyama vingi, ubao una pande mbili tu! Tuingize kete za njano, za upinzani.

— Atazicheza nani? aliuliza Donati.

— Mtazamaji yeyote. Mwenye macho haambiwi tazama.

— Mimi naenda mbali zaidi, alisema Herman. Kete ikiliwa isitupwe. Irudi ubaoni kama mtumba! Mwenzio kaivaa, wewe unaivaa upya. Haba na haba hujaza kibaba.

— Hapo umenena! alisema Profesa.

Donati aliweka kikombe chini.

— Jamani, nisikilizeni. Kazi imekwenda. Duka la ushirika limekuwa baa. Kila nilichokijua kimebadilishwa bila kuniuliza. Hii drafti ndiyo kitu pekee ambacho mikono yangu bado inakijua, na mnaibadilisha kila siku. Naogopa, Herman. Kesho naogopa kweli.

Herman alishusha sauti.

— Hata mimi naogopa, kaka. Ukifungwa ukaacha kuja, nitabishana na nani hapa? Natafuta namna usifungwe, basi.

Ndipo tukasikia hodi.

— Shikamoo Mzee Donati. Shikamooni wote.

— Marahaba, mwanangu. Karibu ukae.

Ndiye mjumbe mwenyewe, Generoza, anayewapikia madereva pale Mikumi barabarani na ambaye nasikia akiinama kwenye ubao wanaume wanavunja miadi ili wamwone akicheza. Beda akampa kahawa. Donati na Herman wakapanga kete kwa sheria zote mpya, za njano na za mtumba zikiwemo.

Kete zikaenda, zikarudi. Zilizoliwa zikafufuka. Mimi mtazamaji nikasogeza ya njano, Profesa akairudisha nilikoitoa. Watu wakaongeza kahawa, wakaongeza tena, na ubao ukabaki umejaa kama tulivyoanza. Wiki zote hizi za kutia viraka, hatujawahi kuumaliza hata mchezo mmoja. Tulikuwa tunacheza kidogo, tunagombana, tunatunga sheria nyingine.

— Samahani wazee wangu, alisema Generoza. Mchezo huu unaishaje?

Herman alimtazama Profesa.

— Mvumilivu hula mbivu, alisema Profesa, lakini sauti ilikuwa ndogo.

— Wenzangu kesho watataka kurudi Mikumi, baba. Basi nionyesheni ule wenu wa zamani, niwaambie mmechagua huo. Sitaki kuwavunjia heshima.

Uso wa Donati ulifunguka. Alizifagia kete za njano kwa kiganja, akapanga upya haraka haraka, na Herman, Mungu ambariki, akawa anajiachia aliwe. Nikaanza kupumua. Kete ya Donati ikaingia kingi. Kingi akamruka adui aliyekuwa mbali, Donati akaokota kete iliyoliwa, halafu mkono wake ukasimama hewani na kile kifuniko cha soda.

— Sisi kwetu anatua popote anapotaka, alisema Generoza. Nyie kwenu, akishakula anatua wapi?

— Anatua hapa, alisema Donati. Hapana. Nyuma yake... Ngoja kwanza.

Akamsogeza kingi mraba mmoja, akamrudisha.

— Simoni, alikuwa anatua wapi?

Nilifungua mdomo, nikakuta viraka vitupu, sheria ya zamani imenitoka kichwani. Nikamtazama Herman, Herman akamtazama Profesa, naye Profesa hakuwa hata na methali. Beda alitikisa birika, halikuwa na kitu.

— Mtu aniambie, alisema Donati. Kifuniko kilikuwa bado mkononi mwake, na kwa desturi yetu sheria za kesho zilikuwa zinakwenda Mikumi.