Picha ya Aliyefumba Macho

Ndugu waombolezaji, majirani zetu, na ninyi wa kazini kwake mliokuja na kamera shingoni kana kwamba hamjui kwenda popote bila hizo, naomba tutulie kidogo. Mimi ni dada mkubwa wa marehemu, nimepewa kazi ya kusoma historia yake kwa sababu wadogo zangu wamekaukiwa na sauti, na kwa sababu, kama wanavyosema wenyewe, mimi hata msibani sikosi la kusema.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1974, katika chumba kilichokuwa nyuma ya duka la baba yetu la kushonea nguo, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano. Tangu uchanga alikuwa akilala macho nusu wazi, jambo lililotutia hofu sisi tuliolala naye chumba kimoja, maana ukishtuka usingizini unamkuta anakutazama na huku anakoroma, na mama alijaribu kumfunika kitambaa mpaka akachoka, akasema huyu mwacheni, Mungu amemwajiri ulinzi.

Alianza shule ya msingi mwaka 1981, akamaliza sekondari mwaka 1992, hakuwa wa kwanza wala wa mwisho, kisha akajiunga na chuo cha ufundi kusomea upigaji picha, akahitimu Novemba 1995. Kazi alianzia katika studio ya picha za pasipoti, chumba chenye pazia jeupe na stuli ya kuzunguka, na huko ndiko alikofundishwa kwamba picha ya mtu aliyefumba macho si picha, inarudiwa.

Mwezi Mei 2003 aliajiriwa na kampuni inayosimamia picha za mikusanyiko mikubwa, yaani mechi, matamasha na mikutano ya maelfu ya watu, na kwa wasioijua kazi hiyo, hakuwa akipiga picha tena, bali alikaa kwenye chumba kisicho na dirisha chini ya jukwaa la watazamaji, wapiga picha wakimletea kadi za kamera, naye akizimimina kwenye kompyuta, akichagua, akiandika maelezo na kuzirusha magazetini kabla wimbo haujaisha. Zile za watazamaji ziliingia zenyewe kwenye skrini kubwa ya uwanjani, moja baada ya nyingine, naye alizifuata mbio kwa kompyuta ya chumbani kwake na kuondoa mbovu, ingawa skrini yenyewe hakuwahi kuiona ikiwaka. Picha zenye ukungu, zilizojirudia, na za waliofumba macho zilifutwa palepale ili kupata nafasi ya nyingine, na kwa kuwa hakuna aliyemfikia kwa wepesi wa mkono, wenzake mkambandika jina la Bwana Futa.

Tarehe 11 Juni 2005 alifunga ndoa na mwalimu wa chekechea, ambaye ndiye mjane wetu huyu aliyeketi mbele, wakajaliwa watoto wawili, binti mwaka 2006 na mvulana mwaka 2010. Albamu ya harusi aliichambua mwenyewe, na mjomba wetu aliyekaa pale safu ya pili hayumo hata kwenye picha moja, kwa sababu alikuwa ameshiba vizuri na kila alipopigwa picha anasinzia, na lawama zake tumezisikia mpaka leo asubuhi, hapo nje, maiti ikiwa ndani.

Sasa kuna jambo ambalo familia ilijadiliana kama lisomwe au liachwe, tukaamua lisomwe, maana bila hilo ndugu yetu huyu haeleweki.

Tarehe 15 Agosti 2009 kulikuwa na tamasha la muziki, watu walifurika uwanjani, na alasiri uzio wa upande wa mashariki ukakatika, watu wakaangukiana, na wengine hawakuinuka tena. Wiki iliyofuata alifika ofisini mama mmoja muuza vitambaa, aliyempoteza binti yake wa pekee siku ile, simu ya binti ikiwa imesagwa pamoja na picha zake zote, na nyumbani zimebaki za utotoni tu, lakini mpiga picha mmoja, naye yupo hapa, alikumbuka kumpiga picha binti huyo akiwa ameegemea uzio, amevaa blauzi ya mistari ya njano, anacheka. Picha ilitafutwa, ikajulikana kwamba marehemu aliifuta kwa kuwa binti alikuwa amefumba macho, na juu ya nafasi yake zilikwishaandikwa nyingine, hata mafundi wakashindwa kuirudisha. Mama yule hakufoka wala hakulia, alimwambia tu marehemu: "Mwanangu, mimi hata akiwa amefumba ningemchukua."

Neno hilo lilimwingia mpaka kwenye mifupa. Alimwahidi mama yule kwamba atampatia uso wa mtoto wake kabla yeye mwenyewe hajazikwa, na tangu siku hiyo Bwana Futa hakufuta tena picha ya mtu yeyote. Kabati la sebuleni lilijaa diski zenye picha zote za tamasha lile, kila akitoka kazini anakaa nazo, anapekua umati, bega kwa bega, na mara mojamoja alipata kitu, akakichapisha, akakipeleka. Niliwahi kumsindikiza kwa mama huyo, nikasimama mbele ya ukuta wake nikashindwa kunywa chai niliyopewa, maana pale palikuwa na mkono ulioshika uzio, kisigino cha kiatu, kisogo, nusu ya blauzi ya mistari, binti mzima kasoro uso.

Kuanzia mwaka 2014 alianza kumwona binti yule katika picha za mikusanyiko mingine. Ilikuwa mechi ya juzi au mkutano wa jana, naye yumo katikati ya watu, blauzi ileile, umri haujasogea, macho yamefumba, na marehemu akiwaita wenzake waje waone, wanaona kiti kitupu, au mtu mzima na mwavuli wake. Mjane ametueleza kwamba mara nyingi alimsikia sebuleni akiongea na kompyuta kwa ile sauti ya upole ya studio, akisema fungua macho, dada, tunarudia. Mimi nilimgombeza, nikamwambia utaletea watoto wazimu ndani ya nyumba, akanijibu kwa utulivu kwamba hamwogopi, anachoogopa ni kufa kabla hajamtoa mle.

Mwezi Februari 2022 alianza kuumwa kichwa na nuru ya macho kupungua, akagundulika kuwa na uvimbe kwenye ubongo, akafanyiwa upasuaji, akapata nafuu, hali ikarudi tena, na ilipofika Septemba 2023 alikuwa haoni kabisa. Hapo nilimwona mdogo wangu akilia kama mtoto, si kwa ajili ya ugonjwa, bali kwa ile ahadi. Binti yake akachukua kiti cha baba, akawa anafungua picha za tamasha moja moja na kumsimulia kila kilichomo, na kwa kuwa hakuwa amefundishwa kipi kiangaliwe na kipi kiachwe, alisimulia vyote.

Tarehe 21 Januari 2024, wodini alikolazwa marehemu, binti yake alikuwa akisimulia picha ya mwimbaji, picha ambayo baba yake aliipitia kwa miaka akitazama umati tu, akataja maiki, akataja jasho, akataja taa, kisha akasema nyuma ya mwimbaji, kwenye skrini, kuna msichana mkubwa kama ukuta, blauzi ya mistari ya njano, anacheka, kafumba macho. Ilikuwa ni picha ileile iliyofutwa, imenaswa kwenye skrini kabla mkono wa marehemu haujaifikia. Marehemu akasema: "Mpelekeeni hivyo hivyo. Asirudiwe."

Ilipelekwa siku hiyohiyo, na mama yule amekaa hapa kati yetu, upande wa ndugu, ndipo mahali pake. Marehemu alifariki asubuhi ya tarehe 24 Januari 2024, na yule aliyelala macho nusu wazi maisha yake yote tulimkuta ameyafumba mwenyewe, yamefumba kabisa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia bila kuchoka, majirani mliotupikia na kulala nasi matangani, na wafanyakazi wenzake kwa gari, maturubai na machozi yenu. Mmoja wenu alipiga picha wodini jioni ile ya mwisho, akaniletea niione, kwa sababu pembeni ya kitanda, mahali ambapo hakuna kati yetu aliyekuwa amesimama, unaonekana mkono wa blauzi wenye mistari. Mimi si mtu wa kuogopaogopa na sisemi nimeona nini, ila aliponiomba ruhusa aifute nilimkatalia, na nawaambia ninyi nyote wenye kamera, picha za leo, hata ambazo tumetoka tumefumba kwa kulia, hata za mjomba anayesinzia pale, msifute hata moja.

Mdogo wangu, ahadi umetimiza. Sasa pumzika kwa amani, umefumba macho hivyo hivyo, nasi tunakuchukua.