Mama Cheche na Waya Mmoja Mfukoni

Ijumaa hii, tarehe 28, saa tisa na nusu alasiri, Mama Cheche anarudisha ufunguo wa chumba cha plagi baada ya kukaa nao miaka thelathini na mmoja. Nimeambiwa nimwandikie nusu ukurasa, niweke vichekesho viwili vitatu, nisiguse habari ya moto. Vichekesho vipo. Nusu ukurasa haumtoshi. Na moto naugusa, maana jarida hili la karakana nalipeleka mimi mwenyewe kwa mchapaji, na Chifu, yaani injinia mkuu wetu, husoma mambo yakishachapwa.

Mama alianza na pampu za maji na majenereta. Hutoa plagi kwenye injini kama daktari anavyomwambia mgonjwa atoe ulimi. Nyeusi yenye masizi: umelishwa mafuta kupita kiasi. Nyeupe: unaungua kwa njaa. Rangi ya biskuti: mzima wewe, rudi kazini. Mlinzi wa getini aliwahi kumletea pikipiki ya shemeji yake, akaapa kwamba wiki nzima imelala tu uani. Mama akaigeuza plagi mara moja. "Hii haijalala, baba. Hii imebeba abiria mpaka imechoka." Shemeji mtu alikuwa amesimama palepale. Mlinzi hadi leo akimwona Mama hujifanya anafunga kamba za viatu.

Karakana ilipoanza kuunda gari la kuvunja rekodi ya mwendo, lile refu lenye injini ya jeti iliyotolewa kwenye ndege chakavu, mafundi plagi wengine waligundua ghafla kwamba wanaumwa migongo. Yeye akavuta stuli akakaa. Sasa sikilizeni, nyinyi wa ofisini. Plagi ya pikipiki hupiga cheche muda wote injini inapozunguka. Ya jeti hupiga mwanzoni tu. Moto ukishashika wenyewe, plagi inanyamaza. Ndiyo maana watu huidharau. Lakini mafuta yakitangulia na cheche ikachelewa, yanatuama mle ndani, na cheche ikija kufika, yote yanawaka kwa mpigo.

Kwa hiyo Mama aliandika sheria mbili kwa rangi nyekundu mlangoni kwake. Ya kwanza: plagi iliyodondoka sakafuni haipandi tena kwenye gari, hata ing'ae vipi. Ya pili: kabla ya mafuta, watu wote kimya, tunasikiliza. Plagi ya kushoto tak, ya kulia tak, mpaka thelathini kila upande. Upande mmoja ukikosekana, mafuta hayafunguliwi. Wakubwa walicheka, wakasema tunaendesha karakana kama madrasa. Tulihesabu hivyo hivyo. Kwa kuusikia huo mlio mimi ni wa pili karakana nzima, na wa tatu simwoni hata kwa darubini.

Miaka mitatu iliyopita walikuja wageni. Gari lilikuwa limeegeshwa uani, turubai limefungwa nyuma yake, na bango lenye picha ya Chifu na tai yake ya buluu. Tukahesabu. Kulia tak, tak, tak. Kushoto tak, kimya, kimya, tak. Mama akainua mkono: haliwashwi. Chifu akasema hata ndege huruka na upande mmoja, na wageni wana haraka. Mama hakubishana. Alizima, akasubiri dakika tano, maana umeme ule ukikukuta hauulizi jina, akachomoa waya wa ule upande uliokuwa mzima, wa kulia, ili huo mmoja nao usiwepo wa kuwashia, akautia kwenye mfuko wake wa chakula. Akapita kwa wageni akawaambia chai iko nyuma ya ukuta. Wakaenda wote. Chai yenyewe haikuwepo.

Dereva wetu, tunayemwita Risasi, akafungua mkanda akashuka. "Mama hajamaliza kuhesabu, mimi sikai." Chifu akaona hiyo ni dharau, akabonyeza mwenyewe kwenye boksi la kuwashia, kwa ule upande wa kushoto pekee, uliokuwa unasuasua. Akafungua mafuta. Kimya. Akaongeza. Kimya. Halafu tak moja, ile iliyochelewa. Ndimi za moto zilitoka nyuma mita kumi na mbili, zikala turubai, viti vitupu na picha ya Chifu kuanzia kidevuni. Hakuna aliyeumia.

Wiki iliyofuata barua ya onyo ilikuja kwa Mama: eti kwa kuchomoa waya bila idhini, yeye ndiye kasababisha moto. Barua iko kwenye faili lake hadi leo.

Sasa hili halimo kwenye faili. Nilipofagia majivu, chini ya meza ya mapokezi nilikuta kipande cha kauri nyeupe, kidogo kama punje ya mchele. Plagi ya kushoto ilikuwa na pengo. Nikaweka kipande kwenye pengo; kilikaa kama jino lililorudi nyumbani. Ile plagi ilikuwa imedondoka sakafuni kutoka mezani pale, ikaokotwa, ikafutwa, ikarudishwa kwenye gari kimyakimya. Asubuhi ile aliyeitoa kuwaonyesha wageni ni mmoja tu, na Risasi alimwona akiifuta kwa tai. Sitamtaja. Tai ni ya buluu.

Wiki saba baadaye, plagi mpya, tak sitini kamili pande zote mbili, gari likakimbia kilomita mia sita na nne kwa saa, na bado hakuna gari letu lingine lililofika hapo. Kwenye picha ya ushindi ukutani, Mama ni kile kiwiko cha pembeni.

Mwezi huu Chifu alimwita. Akamwambia: andika kuomba radhi, barua ya onyo itolewe kwenye faili, upewe cheti cha utumishi uliotukuka. Usipoandika, unaondoka na doa lako. Tulidhani ataandika, maana cheti kile amekisubiri, na ukutani kwake msumari alishaugongomea. Akaandika kweli. Nanukuu yote: "Naomba radhi kwa kuchukua waya mmoja siku ile. Nilipaswa kuchukua zote mbili."

Cheti hakuna. Kwa hiyo sisi wa chumba cha plagi tumeibandika plagi ile yenye pengo, na jino lake, kwenye ubao wa mninga, nyuma tumeweka tundu la kutosha msumari mmoja. Atapewa Ijumaa mbele ya watu wote.

Mama, asante kwa masikio uliyotupa. Tunakutakia asubuhi zisizo na king'ora, chai ambayo safari hii ipo kweli, na pikipiki ya jirani isiyowaka ili usitusahau haraka.

Saa tisa kamili tutaliwasha gari kukuaga. Kadi ya kuruhusu kuwasha sasa naisaini mimi. Tutanyamaza wote, na Chifu pia, tutahesabu. Upande mmoja ukikosekana, asihangaike kutafuta waya. Mfuko wangu wa chakula ni mkubwa, zinaingia zote mbili.